Mguu wa Baba na Jeep ya Picha Tano

Nimechoka kusimulia kwa vipande. Tangu turudi, nikishuka ufukweni kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwa, huyu ananiuliza habari za mto, yule anataka habari za bendera, na kuna aliyesikia kwamba tulimgandisha Baba kama samaki. Basi naandika yote mara moja, kwa ajili yenu bamama wenzangu wa sokoni. Mnaojua kusoma muwasomee wengine, halafu mniache nipumzike.

Jambo lenyewe mnalijua juu juu. Baba yangu anaishi Kilembwe, kule nilikozaliwa. Alipanda mchikichi kukata mikungu ya mawese, mzee wa umri ule, akaanguka, na mguu wa kuume ukavunjika chini ya goti. Fundi wa mifupa wa kule akauvuta, akaurudisha, akaufunga kwa vipande vya mwanzi. Lakini uliendelea kuvimba, na muuguzi wa kituo akasema sharti ateremshwe mpaka huku kwetu mjini Baraka apigwe radio, ile picha ya mifupa, na aonwe na munganga wa hospitali. Kwa pikipiki haikuwezekana, maana mguu ulikuwa haukunjiki. Ndipo ukoo mzima ulipoikumbuka jeep ya mume wangu.

Baraka mpaka Fizi, na jani

Mume wangu, Papa Sifa, ni mtu wa maji. Ana boti zake, amezeekea ziwani, na nchi kavu aliijua kwa pikipiki tu, mpaka juzi alipoleta hii jeep ya familia, viti mistari mitatu, kutoka Japani kwa njia ya Uvira. Ndani kila kitu kimeandikwa Kijapani. Katikati ya viti vya mbele kuna butoni ya kuzungusha yenye picha tano, na kwa kuwa hakuna anayeweza kusoma yale maandishi, Papa Sifa alizifasiri picha mwenyewe mbele ya nyumba nzima, kwa sauti ya mtu aliyezisomea.

"Iyi jani ni ya pori. Iyi barabara ni ya mujini. Bendera ni nguvu. Iyi kilima-kilima ni ya mulima."

"Na iyi nyota ya miiba?" nikauliza.

"Mama Sifa, we unauza samaki miaka yote, hauijue? Angalia kwa frigo yetu."

Kweli. Frigo yetu ya samaki ina nyota ileile mlangoni, na kwenye frigo maana yake ni baridi. Papa Sifa akasema Wajapani ni watu wa samaki, kwa hiyo wameweka humo namna ya kugandisha mzigo ukiwa njiani. Akakataza mtu yeyote kuigusa, kwa sababu kitu cha kugandisha kinakunywa mafuta. Hakuna aliyebisha. Na ninyi msingebisha.

Tuliondoka asubuhi baada ya swala. Kwa kuwa mbele yetu ilikuwa pori tupu, butoni ikawekwa kwenye jani. Kwetu hupiti na viti vitupu, mnajua, kwa hiyo kwenye kizuizi cha kwanza tulipakia mama mmoja aliyekuwa akirudi Fizi na kuku wake. Tulipoanza kupanda, matatizo yakaanza. Papa Sifa anakanyaga, jeep inafikiri. Anakanyaga zaidi, bado inafikiri. Halafu ghafla inakumbuka, inanguruma, inaruka mbele, na kuku wanapiga makelele.

"Papa, iyi jeep iko mugonjwa?" yule mama akauliza kwa upole.

"Haiko mugonjwa, mama. Iko mu pori."

Mimi sikucheka. Kila iliporuka nilimwona Baba amelala kule nyuma. Nikasema, "Papa Sifa, tukirudi namna iyi tutamuvunja mara ya pili." Akanijibu kwamba kurudi ni kushuka, na kushuka ni rahisi. Mtu wa maji huyo, anadhani milima nayo inashuka tu mpaka ziwani. Yule mama tulimshusha Fizi, akaniambia kando kwamba ataniombea, na nikamshukuru kwa dhati.

Fizi mpaka Kilembwe

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye bonde moja tulikuta lori limezama mpaka kwenye ekseli, limeziba njia yote, na dereva wake ametandika mkeka pembeni anakula. Alitukaribisha. Papa Sifa akauliza nyama ni ya nini, wakamwambia ni ya pori, akauliza ya pori ipi, wakaanza kutazamana. Basi tukala muhogo wetu na mikeke, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga niliokuwa nimewafunga kwenye majani, na yule dereva tukamgawia, akasifu mikono yangu. Siku nyingine ningefurahi.

Tukiwa pale wakapita watu wamembeba mwanamke mgonjwa kwenye kipoyi, ile machela ya miti miwili na blanketi. Walilizunguka lori kwa kukanyaga majanini, hawakusimama hata kidogo. Papa Sifa akaniuliza wanampeleka wapi kwa miguu. Nikamweleza kwamba kwetu kijiji kinambeba mgonjwa mpaka kijiji kinachofuata, pale wengine wanampokea, hivyo hivyo mpaka kituoni. Hawaulizi ni wa nani.

"Bahati yetu tuko na motoka," akasema.

Lori lilipovutwa tukapita, na jeep ilifika Kilembwe ikifikiri vilevile. Baba alikuwa amelazwa kwenye kirago nyuma ya nyumba, mguu juu ya gunia la mpunga. Alikuwa amekonda. Alinitazama mimi kwanza, halafu jeep.

"Iko na mulango ya nyuma?"

"Iko, Baba."

"Basi munipitishe kama maiti. Miguu mbele."

Mama akamkemea, lakini nilijua ameanza kuogopa, maana Baba hutania akiogopa. Ule mguu ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa. Fundi wa mifupa aliitwa akaukagua mwanzi wake, akakaza kamba, akaniambia mimi, si Papa Sifa: "Mufupa niliiweka pahali yake, lakini imeshika kidogo tu. Ikitoka tena, mi sitaiweza, na uko Baraka labda batakata. Mutu ashike iyi muguu njia yote. Asiachilie."

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kutoka Kilembwe, na bendera, halafu na nyota

Tulilaza viti vya nyuma, tukatandika godoro, Baba akaingizwa kama alivyosema, ila kichwa mbele. Mimi nikapiga magoti miguuni pake, karibu na mlango, kisigino chake kwenye kiganja kimoja na kiganja cha pili juu ya mwanzi. Mama akakaa upande wa kichwa. Hapo shida nyingine ikazaliwa. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hamsemeshi moja kwa moja, na Papa Sifa, ingawa ni wa huku ziwani, desturi hiyo ya kwetu anaishika kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Akakigeuza kioo cha ndani kitazame dari. Basi akawa haoni lolote la nyuma, na kila neno lilipaswa kupitia kwangu.

Nilikuwa nimemwomba aachane na jani. Alikubali upesi mno.

"Leo tunaweka nguvu," akasema, akazungusha butoni kwenye bendera.

Mlima wa kwanza uko pale tu unapotoka kijijini, na ulikuwa umelowa. Alikanyaga kidogo, kama alivyozoea, na jeep haikufikiri hata kidogo. Iliruka. Magurudumu yakazunguka bure kwenye tope, mkia ukaenda upande wa mfereji, halafu ikashika ghafla na kuturusha sote. Baba alilia. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Baba akilia, hata tulipomzika kaka yangu. Alitoa sauti moja ndefu, akafunga mdomo, na jasho likaanza kumtiririka usoni. Mwanzi ulicheza chini ya vidole vyangu, niliusikia. Sikusema. Niliogopa kwamba nikilitamka litakuwa kweli.

"Mwambie mukwe wangu," Mama akasema huku anamfuta Baba, "mugonjwa anaungua."

"Papa Sifa, Baba anaungua."

Alisimamisha jeep. Alikaa mikono juu ya usukani. Nilidhani ananuna, kumbe alikuwa anapiga hesabu ya mafuta yaliyobaki mpaka Baraka. Halafu akashika butoni, akaipitisha bendera, akaipitisha barabara, akaiweka kwenye nyota ya miiba.

"Mwambie mama ninamutilia baridi. Mafuta ikwishe, ikwishe."

Sitasahau alivyolisema. Miaka yote namgombeza kwa ubahili wake wa mafuta, na sasa alikuwa tayari tukwame porini ili baba yangu apate upepo.

Akakanyaga. Jeep ikaondoka taratibu, bila kushtuka, hata sikujua imeanza kutembea. Kwenye tope magurudumu hayakuzunguka bure tena. Mashimo yalikuwa mashimo yaleyale, siwadanganyi, lakini ile kurusha na kuvuta iliisha kabisa. Alipokanyaga kwa pupa, jeep ilimpa nguvu kidogo kidogo kama mama anayempimia mtoto uji. Kisigino cha Baba kilitulia mkononi mwangu.

"Imetulia," nikasema. "Papa Sifa, muguu imetulia."

"Ni baridi," akasema. "Baridi inatulizaka mufupa."

Na Baba mwenyewe, macho yamefumbwa, akasema, "Kweli. Iko naingia." Mama akamfunika shuka hadi shingoni asije akaganda. Mimi niliinua uso kuelekea vile vitundu vya hewa. Ilitoka hewa ya moto. Nikanyamaza, maana mtu akipata nafuu huanzi kumwuliza ameipata wapi.

Fizi, reseau iliporudi

Tulilala njiani kwa wajomba, nami nikalala nimekaa, mkono kwenye mguu. Fizi tulifika kukiwa kumekucha vizuri, na simu zikaanza kulia zote kwa pamoja kwa sababu reseau, mtandao wa simu, imerudi. Binti yetu Sifa, anayesoma Uvira, alikuwa ametutafuta kutwa. Papa Sifa akamsimulia kwa fahari jinsi baridi ya Japani ilivyomwokoa babu yake. Sifa akaomba amtumie picha ya butoni. Akakaa kidogo, akatafuta kwenye simu yake, kisha akapiga.

"Papa, ile nyota haina baridi. Kule kwao barafu inaanguka mu barabara, inateleza. Ukiweka pale, motoka inaenda pole ili isiteleze. Ni ya utelezi tu."

Simu ilikuwa kwenye spika.

"Haina baridi?" Baba akauliza.

"Haina, koko," Sifa akamjibu babu yake.

Baba akaitoa ile shuka, akamrudishia Mama.

Sifa akaendelea, maskini, hakujua anamuumiza baba yake. Jani ni la kubania mafuta, ndiyo maana jeep ilikuwa inachelewa kuitika. Bendera ni ya mashindano. "Tumemubeba baba yangu na mashindano," nikasema, na sikuisema kwa wema. Na kile kilima-kilima hakikuwa mlima, kilikuwa mchanga. Kwenye mchanga uweke pale, Sifa akasema, uende na mwendo, usisimame, ukisimama unazama.

Papa Sifa alizirudia zote kwa sauti, moja moja, kidole juu ya picha. Aliaibika, lakini pia alifurahi, nilimwona. Sasa alikuwa anaijua jeep yake. Mimi ndipo wasiwasi ukanizidi, kwa sababu alipokuwa hajui alikuwa angalau anaogopa.

Mchangani

Mnajua ule mto mdogo unapoteremka kutoka Fizi, ambao mvua ilichukua kilalo chake, lile daraja la miti, sisi tukiwa huko juu. Magari yanashuka kando, yanapita mchangani, yanavuka maji, yanapanda upande wa pili. Tulipofika, gari moja dogo la mizigo lilikuwa limezama katikati na watu wa kijiji wanalichimba kwa majembe. Walipoona godoro letu, mmoja aliyevaa mabuti ya mpira alikuja dirishani.

"Papa, shusha mugonjwa. Apa sisi tunabeba."

"Asante, ndugu yangu. Iyi jeep iko na picha ya muchanga."

Yule mtu akaitazama butoni, akamtazama Papa Sifa. "Muzuri. We pita na picha yako. Mugonjwa tunabeba."

Wakaanza kubishana. Papa Sifa alieleza kila kitu, jani, bendera, utelezi, akasema kumtoa mgonjwa ni kuutikisa mguu bure wakati mashine yenyewe imetengenezwa kwa mchanga. Na hapo hakukosea, ndicho kilichonitesa. Kumtoa Baba ilikuwa ni kumnyanyua, na kumnyanyua ni kuusogeza. Kumwacha ndani ilikuwa ni kuingia mtoni na mume wangu aliyejifunza picha asubuhi ileile. Watu wote walinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nimeshika. Mimi nikamgeukia Baba.

"Mi nashuka," Baba akasema.

"Baba mukwe, tafazali," Papa Sifa akasema, "mi sasa naijua."

"Unajua motoka, mwanangu. Muguu yangu, hauijue."

Hakusema kwa ukali. Papa Sifa akafungua mlango wa nyuma.

Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakalisukuma chini ya Baba pole pole huku yule wa mabuti akinipangia: shika hapa, usivute, inua tukiinua. Wanne wakaweka mabegani. Wa mbele alikuwa anatangaza njia, jiwe, shimo, maji, na wa nyuma wanaitika. Mimi nilitembea ubavuni na kisigino mkononi, maji yakanifika mapajani, kitenge kikaelea. Mama nyuma yetu anaomba kwa Kibembe. Katikati ya mto mmoja wa wabebaji akaniuliza tunatoka wapi. Nikasema Kilembwe. Akasema, "Ni mbali," na hakuuliza lingine. Sikuhisi mwanzi ukicheza, hata mara moja.

Tulipomlaza ng'ambo, Papa Sifa akaweka kilima-kilima. Alifanya kila kitu kama Sifa alivyomwambia. Alirudi nyuma, akaja kwa kasi, hakusita, na jeep ikapita mchangani bila kuzama, nikaona kwa macho yangu kwamba ile picha ni ya kweli. Ikaingia majini, ikagonga mawe, ikaruka, ikatua, ikaruka tena, ikapanda ukingo, ikasimama mbele yetu inatoa mvuke. Watu wakapiga makofi. Akashuka anacheka.

Halafu akafungua mlango wa nyuma. Godoro lilikuwa limepinduka limeegemea dirisha. Thermos ya chai ilikuwa imepasuka, na dumu la maji, lililokuwa chini pale kilipokuwa kichwa cha Baba, lilikuwa limerushwa juu ya viti mpaka mbele. Papa Sifa alitazama kwa muda mrefu. Kisha aliketi mchangani, mtu mzima na kanzu yake, akashika kichwa.

Mama yangu ndiye aliyemwendea. Alisimama mbele yake, akamwambia moja kwa moja, jambo ambalo hajalifanya tangu nimeolewa: "Inuka, mwanangu. Hakuwa ndani." Papa Sifa akaitikia, "Ndiyo, mama," macho yakiwa chini. Akaenda kuwashukuru wabebaji, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

Baraka

Kutoka pale tulirudi kwenye nyota mpaka getini mwa hospitali. Munganga ni kijana mtaratibu, si wa hapa kwetu. Aliuliza tumemleta mgonjwa na nini, na Papa Sifa, kwa uchovu, akamjibu, "Na nyota, munganga. Pale mutoni na mabega." Munganga akanitazama mimi, nikamwambia tu tumetoka Kilembwe. Akatikisa kichwa kwa kuijua ile barabara, akamchukua Baba kwenye radio.

Lile benchi la nje ya chumba cha radio silikalii tena maishani. Nilisali, nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya. Nilikuwa na lile tukio la bendera kwenye vidole, ule mwanzi uliocheza, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa namwona Baba na mguu mmoja, amekaa nyuma ya nyumba, anaiangalia michikichi yake. Walipomrudisha kitandani nikakishika kisigino chake tena, bila kufikiri.

Munganga akainua ile picha kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama, akauliza nani aliufunga mguu huu. Mama akasema ni fundi wa kwetu.

"Mufupa iko pale aliiweka," munganga akasema. "Haikusogea. Hatukate kitu. Tutaifunga na plasta, na huyu mzee atatembea."

Mama akaketi sakafuni. Papa Sifa akageukia ukuta. Mimi nikalia kwa sauti kama mtoto, na muuguzi akanishika mabega akaniomba nisogee wapate kuufunga. Nilimsikia vizuri. Mikono ndiyo iliyokataa kufunguka. Akajaribu kunitoa kidole kimoja kimoja, na mimi namwambia subiri, subiri kidogo, utausogeza.

Baba akainua kichwa kwenye mto.

"Achilia sasa, mama," akaniambia. "Iyi muguu ni yangu."